Saikosisi Hii Ni ya Ugonjwa Gani? Namna ya Kutenganisha Magonjwa Yanayofanana

Mtu anayesikia sauti zikimsema katika chumba kitupu, anayeshikilia kuwa kuna watu wanamfuatilia ingawa kila ushahidi unakataa, au anayezungumza maneno yasiyoshikana hadi msikilizaji anapotea njia, yuko kwenye saikosisi. Kufika hapo si kazi kubwa. Mara nyingi ndugu zake wameshaliona kabla ya daktari. Kazi inaanza kwenye swali linalofuata: saikosisi hii imeletwa na nini? Sauti hizo hizo, kwa maneno hayo hayo, zinaweza kutoka kwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili ambao saikosisi ndiyo kiini chake), bipola (ugonjwa wa hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi), sonona kali, amfetamini (kilevi cha kusisimua), pombe iliyoachwa ghafla, kifafa, kaswende iliyofika kwenye ubongo, au kinga ya mwili inayoshambulia ubongo wa mwenyewe.

Kukosea hapa kuna gharama. Mgonjwa wa bipola aliyeandikwa skizofrenia anaweza kuishi miaka bila lithiamu ambayo ingemtuliza. Mwenye sonona ya bipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandishwa hadi kwenye mania, yaani msisimko na nguvu zilizopitiliza. Aliyechanganyikiwa kwa sababu ya maambukizi, akichomwa sindano ya kumtuliza na kuachwa alale, anaweza kufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta.

Jambo tunalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni hili: dalili zenyewe husema kidogo kuliko mpangilio wake katika wakati. Ni nini kilitangulia, nini kilifuata, vitu gani vilikwenda pamoja na kwa wiki ngapi. Mwenye tarehe sahihi mkononi hufika karibu na jibu hata kabla hajamaliza kuuliza sauti zinasema nini.

Kalenda kabla ya jina

Chukua karatasi, chora mstari wa wakati kuanzia siku ambayo mgonjwa alikuwa mzima kabisa kama watu wake walivyomzoea, hadi leo. Chini yake weka safu nne. Ya kwanza ni ya saikosisi: dhana potofu (imani isiyo kweli isiyotikiswa na ushahidi), maruweruwe (kusikia au kuona kisichokuwepo), maneno yasiyoshikana. Ya pili ni ya hali ya moyo, yaani furaha na huzuni ya mtu, si moyo wa kifuani: vipindi vya mania na vya sonona. Ya tatu ni ya vileo na dawa zote, zikiwemo za hospitali. Ya nne ni ya mwili: homa, degedege, kujifungua, kuumia kichwa, maumivu mapya ya kichwa. Ukishazijaza, sehemu kubwa ya magonjwa yanayoshindana hujiondoa yenyewe.

Karatasi hii haijazwi na mgonjwa peke yake. Aliye ndani ya saikosisi mara nyingi hajui ilianza lini, na mwenye mania huwa haoni kuwa alikuwa mgonjwa. Muulize anayeishi naye, na uulize kwa namna inayoleta tarehe: “Mara ya mwisho kumwona akiwa sawa kabisa ilikuwa lini?” “Alianza kukosa usingizi kabla ya kuanza kuzungumza peke yake, au baada?” “Kuna wakati wowote sauti ziliendelea huku furaha au huzuni yake ikiwa ya kawaida? Kwa muda gani?” Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, na ndilo linalosahaulika zaidi.

Usingizi unastahili maswali yake. Mwenye mania hulala kwa muda wa saa tatu tu akaamka na nguvu tele, hahitaji zaidi. Mwenye hofu ya kufuatiliwa naye hulala kwa muda wa saa tatu, lakini kwa sababu anaulinda mlango, na asubuhi amechoka hoi. Kwenye faili wote wawili huandikwa “halali usiku,” na hapo tofauti kubwa imeshapotea.

Je, ni saikosisi kweli?

Hapa tupite haraka, ila tusiruke. Kusikia jina lako likiitwa wakati usingizi unakuchukua, au kumsikia marehemu siku za msiba, si ugonjwa. Imani inayoshirikiwa na jamii au dini ya mtu si dhana potofu, hata kama msikilizaji haikubali. Kinachotia shaka ni pale waumini wenzake wanaposema kuwa huyu amevuka mpaka. Mwenye ugonjwa wa mawazo yanayojirudia anaweza kuosha mikono mara mia akihofia sumu, lakini kwa kawaida anajua mawazo ni yake na yanamkera. Aliyepitia ukatili anaweza kusikia sauti ya aliyemtendea, pamoja na jinamizi na kushtuka. Ukifuata kumbukumbu ya tukio lile utaikuta sauti imo ndani yake.

Mwili kwanza, kila mara

Kabla ya kufikiria skizofrenia, hakikisha huyu mtu haweweseki, yaani akili yake haijachanganyikiwa ghafla kwa ugonjwa wa mwili. Kuweweseka kwa ugonjwa wa mwili huja kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, huzidi usiku, na alama yake kuu ni umakini uliovunjika. Kipimo hakihitaji mashine: mwambie ataje miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma. Mwenye skizofrenia anaweza kwenda polepole, akasimama kusikiliza sauti zake, kisha akaendelea kutoka alipoishia. Anayeweweseka hupotea katikati, husahau alichoulizwa, au husinzia kabla ya kufika Agosti. Anayeshindwa hivi apimwe kama mgonjwa wa dharura: joto, mapigo, shinikizo la damu, kupumua, kiwango cha oksijeni na sukari. Sukari iliyoshuka imewahi kufanana na kila ugonjwa wa akili uliomo vitabuni.

Aina ya maruweruwe nayo inasaidia kidogo. Sauti ndizo za kawaida katika skizofrenia. Maruweruwe yakiwa zaidi ya macho, fikiria kuweweseka, kuacha pombe, dawa, au ugonjwa wa kusahau wa miili ya Lewy. Harufu mbaya isiyokuwepo, inayokuja kwa vipindi vifupi vinavyofanana, huelekeza kwenye kifafa cha sehemu ya pembeni ya ubongo. Hisia ya wadudu wanaotambaa chini ya ngozi huwafuata watumiaji wa kokeini na amfetamini, na walioacha pombe ghafla.

Kuna hali ambazo mtu akizijua hazimpiti. Ya kwanza ni homa ya ubongo inayotokana na kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA, iliyoelezwa kwa jina hilo mwaka 2007. Huwapata sana wanawake vijana. Huanza na siku chache za homa au maumivu ya kichwa, kisha saikosisi inayokuja kwa kasi pamoja na kukosa usingizi. Baadaye hufuata degedege, mdomo na ulimi kuchezacheza bila hiari, mwili kukakamaa, na mapigo ya moyo au shinikizo la damu kuyumba. Picha ya MRI inaweza kutoka safi, kwa hiyo isikutulize. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kutafuta kingamwili hizo kwenye maji ya uti wa mgongo, na kwa mwanamke ovari zichunguzwe kwa sababu uvimbe aina ya teratoma unaweza kuwa ndio chanzo. Tiba yake ni ya kutuliza kinga ya mwili. Mgonjwa kama huyu akiachwa kwenye wodi ya akili kwa dawa za saikosisi pekee, muda wa kumwokoa unapotea.

Ya pili ni saikosisi ya baada ya kifafa. Hii hupotosha kwa sababu haianzi mara tu degedege linapoisha. Baada ya mfululizo wa degedege mgonjwa hurudi katika hali ya kawaida kwa saa kadhaa, au hata siku kadhaa hadi wiki, ndipo dhana potofu zinapoibuka, na kufikia hapo wengi wameshasahau kuhusisha mambo mawili hayo. Safu ya nne ya karatasi ndiyo inayoyaunganisha.

Orodha ya dawa za hospitali isomwe moja moja. Steroidi huongoza: uchunguzi uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 1972 ulikuta matatizo ya akili kwa asilimia 1.3 ya waliotumia prednisoni hadi miligramu 40 kwa siku, na asilimia 18.4 kwa waliozidi miligramu 80. Levodopa na dawa nyingine za Parkinson, efavirenzi (ya VVU), mefloquini (ya malaria) na isoniazidi (ya kifua kikuu) nazo zinaweza kuleta saikosisi.

Vipimo vya msingi kwa saikosisi ya mara ya kwanza ni picha kamili ya damu, sukari, chumvi za damu pamoja na kalsiamu, figo, ini, homoni za tezi ya thairoidi, vitamini B12, VVU, kaswende, mkojo kwa vileo, na mimba kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Picha ya ubongo, kipimo cha umeme wa ubongo na maji ya uti wa mgongo hufuata pale kunapokuwa na ishara: degedege, homa, udhaifu wa upande mmoja, maumivu mapya ya kichwa, mwili kukakamaa, kumbukumbu kushuka, au saikosisi ya kwanza kabisa kwa mtu aliyevuka miaka 45. Kwa kijana mwenye kutetemeka au matamshi yaliyolegea, pima pia seruloplazmini, protini ya damu inayobeba madini ya shaba, maana ugonjwa wa Wilson, ambao shaba hujikusanya mwilini, unatibika.

Mzee anayeona watu wadogo au wanyama kwa uwazi kabisa, ambaye uelewa wake hupanda na kushuka, na ambaye mwenzi wake anasema hupiga mateke akiota, huenda ana ugonjwa wa miili ya Lewy. Ni hatari kumkosea huyu: haloperidoli, dawa ya saikosisi, inaweza kumkakamaza na hata kumuua.

Vileo: kipimo cha mwezi mmoja

Kanuni inayofuatwa na DSM-5, kitabu cha Marekani cha kuainisha magonjwa ya akili, ni rahisi kuikumbuka. Saikosisi iliyoletwa na kileo huanza wakati wa kutumia au muda mfupi baada ya kutumia au kuacha, na kwa kawaida huisha ndani ya takriban mwezi mmoja baada ya kukiacha. Ikizidi hapo, au kama ilitangulia matumizi, tafuta ugonjwa unaojitegemea.

Kanuni ni rahisi. Matumizi yake yana mitego. Mkojo wenye bangi haujathibitisha kwamba bangi ndiyo chanzo. Kwa mvutaji wa kila siku bangi inaweza kuonekana mkojoni kwa wiki kadhaa, hata kama hajavuta tangu saikosisi ianze. Upande wa pili, amfetamini hutoweka kwa siku mbili au tatu, na mabaki ya kokeini ndani ya siku mbili hadi nne, kwa hiyo mkojo safi wa siku ya tano hauwasafishi. Halafu kuna watu wanaoanza kuvuta kwa sababu sauti zimeanza. Kwa hao kileo ni cha pili kwa tarehe, na bila kalenda daktari huona kinyume chake.

Hata saikosisi ikiisha ndani ya mwezi, faili isifungwe. Utafiti wa rejesta za Denimaki uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa karibu theluthi moja ya walioandikiwa saikosisi ya vileo walikuja kupata skizofrenia au bipola miaka iliyofuata. Kwa waliotumia bangi ilikuwa karibu nusu. Jina “saikosisi ya bangi” likichukuliwa kama habari njema inayomaliza mambo, nusu ya watu hao wanaachwa bila ufuatiliaji.

Pombe ina sura mbili za kutenganishwa. Mtu anaweza kusikia sauti akili ikiwa wazi kabisa, anajua siku na mahali alipo. Tofauti na hiyo ni kuweweseka kwa kuacha pombe, kunakokuja kati ya saa 48 na 96 baada ya kinywaji cha mwisho: jasho, kutetemeka, homa, mapigo ya haraka, macho yanaona wadudu na wanyama, na hajui yuko wapi. Hii inaua. Tiba yake ni benzodiazepini (kundi la dawa za kutuliza) na thiamini (vitamini B1). Dawa za saikosisi zikitolewa peke yake hurahisisha degedege.

Skizofrenia, bipola, na kilicho katikati

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo, na ndipo watu wazoefu hutofautiana. Mgawanyo wa awali ni wa Emil Kraepelin, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alitenganisha ugonjwa unaomomonyoa akili taratibu na ule wa hali ya moyo unaokuja na kuondoka. Eugen Bleuler aliuita ule wa kwanza skizofrenia mwaka 1908. Kufikia mwaka 1933 Jacob Kasanin alikuwa ameshaandika kuhusu wagonjwa wasiokaa upande wowote, na jina la skizoafekti likatoka hapo.

Kwa muda mrefu waganga walitafuta dalili moja ya kumaliza ubishi. Kurt Schneider alitoa orodha ya dalili alizoziita za daraja la kwanza: sauti zinazobishana kuhusu mgonjwa, sauti zinazotangaza kila anachofanya, mawazo kuondolewa au kupandikizwa kichwani, mwili kuendeshwa na nguvu ya nje. Zikionekana kwa mtu ambaye mwili wake hauna ugonjwa, watu waliandika skizofrenia bila kusita. Tatizo ni kwamba dalili hizo hupatikana pia kwenye mania kali, na DSM-5 ya mwaka 2013 iliziondolea uzito wa pekee. Utafiti wa pamoja wa Marekani na Uingereza, ulioripotiwa mwaka 1972, ulikuwa umeshaonyesha madhara ya tabia hiyo: madaktari wa New York waliandika skizofrenia kwa wagonjwa wengi ambao wenzao wa London wangewaandika mania au sonona. Wagonjwa walipohojiwa kwa maswali yaliyopangwa sawa, sehemu kubwa ya tofauti ikayeyuka.

Kwa DSM-5, skizofrenia inataka dalili mbili au zaidi kati ya tano kwa sehemu kubwa ya mwezi mmoja, yaani dhana potofu, maruweruwe, maneno yasiyoshikana, mwenendo uliovurugika sana au mwili kukakamaa, na dalili hasi, yaani hisia, maneno na ari kupungua. Angalau moja iwe kati ya tatu za kwanza. Dalili za ugonjwa kwa jumla, zikiwemo za mwanzo na mabaki, ziwe zimedumu miezi sita, na kazi, masomo au mahusiano yawe yameshuka waziwazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unatosheka na mwezi mmoja na haulazimishi kushuka kwa utendaji. Kwa hiyo mtu ambaye dalili zake zimedumu wiki sita anaweza kuitwa mwenye skizofrenia kwa ICD-11, na mwenye ugonjwa wa aina ya skizofrenifomu kwa DSM-5. Hakuna aliyekosea, ila barua ya rufaa iseme ni mwongozo gani umetumika.

Sasa tuchukue kijana mmoja wa kufikirika mwenye miaka 23, anayeamini ametumwa kuiokoa dunia na anasikia sauti zikimsifu. Tumpe kalenda tatu.

Kalenda ya kwanza: wiki sita za mania kamili, hahitaji kulala, anazungumza bila kituo, anagawa mali yake, na imani hiyo pamoja na sauti zimo ndani ya wiki hizo. Wiki ya saba moyo unatulia na sauti zinaondoka. Hiyo ni bipola yenye dalili za saikosisi, hata kama sauti zilikuwa za kutisha kiasi gani.

Kalenda ya pili: wiki sita hizo hizo za mania na saikosisi, kisha wiki nne ambazo moyo ni wa kawaida lakini sauti hazijakoma, kisha wiki sita za sonona kamili huku sauti zikiendelea. Kati ya wiki 16, wiki 12 zina mania au sonona, na nne ni za saikosisi tupu. Hapa DSM-5 inasema skizoafekti, kwa sababu masharti yake mawili yametimia: angalau wiki mbili za dhana potofu au maruweruwe bila kipindi cha mania au sonona, na vipindi vya moyo kuchukua sehemu kubwa ya muda wote wa ugonjwa.

Kalenda ya tatu: miezi 12 ya sauti na imani hiyo, na katikati wiki tano za sonona. Wiki tano ndani ya mwaka ni sehemu ndogo. Hiyo ni skizofrenia iliyopitiwa na sonona, na sonona hiyo itibiwe kwa haki yake.

Dalili ni zile zile mara zote tatu. Kosa linalotokea sana ni kuandika skizoafekti kila daktari anapoona huzuni na sauti pamoja, bila kuhesabu wiki. ICD-11 nayo hutazama kwa namna tofauti: inataka dalili kamili za skizofrenia na kipindi kamili cha moyo, cha wastani au kikali, vianze kwa kukaribiana ndani ya siku chache na viende pamoja angalau mwezi mmoja, na huhukumu kipindi kilichopo kuliko historia nzima ya maisha.

Wakati kalenda ina mapengo, namna ya kuzungumza husaidia kidogo. Mwenye mania huruka mada, lakini ukisikiliza kwa makini utaona kamba inayounganisha: neno limefanana sauti na jingine, au ameona kitu chumbani. Kwenye skizofrenia mara nyingi kamba haipo kabisa. Maudhui pia yana mwelekeo: ukuu kwenye mania, hatia, ufukara na kuoza kwa viungo vya mwili kwenye sonona. Lakini maudhui yasiyolingana na moyo hayaondoi bipola wala sonona, na hapo ndipo wengi huteleza.

Dalili hasi, sonona, au dawa?

Mtu anakaa kitandani, hazungumzi, uso hauna mwendo. Wauguzi wanaandika “ametulia.” Kuna mambo matatu yanayoleta picha hii, na kila moja lina tiba yake. Kwenye dalili hasi za skizofrenia ukimuuliza anajisikiaje, jibu ni utupu. Hana huzuni, hana hatia, na hali hii ilijengeka kwa miezi. Kwenye sonona kuna uchungu anaoweza kuutaja, kujilaumu, kukata tamaa, kuamka alfajiri na kutolala tena. Kwenye ukakamavu wa dawa, hali ilianza siku au wiki chache baada ya dozi kupandishwa, na ukikunja kiwiko chake unahisi kikisita kama gurudumu lenye meno, mikono haichezi anapotembea. Kuna pia hali ya kutotulia inayoletwa na dawa, ambapo mgonjwa hawezi kukaa mahali pamoja. Ikidhaniwa ni saikosisi imezidi, dozi huongezwa na mateso yakaongezeka. Kwa wote waulize wazi kuhusu mawazo ya kujiua na kama sauti zinaamuru hivyo. Takriban asilimia 5 ya wenye skizofrenia hufa kwa kujiua, na swali hilo halipandikizi wazo.

Mwili uliokakamaa, mtu haongei, hali chakula, hushikilia mkao uliompa, si ushahidi wa skizofrenia. Hali hii huambatana sana na magonjwa ya hali ya moyo, yaani mania na sonona, na pia na ya mwili. Lorazepamu, mojawapo ya benzodiazepini, ya miligramu 1 hadi 2 inaweza kumfungua ndani ya muda mfupi, na hilo lenyewe ni kipimo. Kumwongezea dawa kali za saikosisi kunaweza kuleta homa hatari ya kukakamaa kwa misuli.

Yale yanayosahaulika

Ugonjwa wa dhana potofu hufichika kwa sababu mwenyewe anafanya kazi, anavaa vizuri, anazungumza kwa mpangilio. Jaribu hili: iondoe imani moja hiyo akilini mwako, uone kama kilichobaki ni maisha ya kawaida. Mwenzi ana mpenzi wa siri, mtu maarufu anampenda, majirani wanamtilia sumu, ngozi ina wadudu. DSM-5 inataka mwezi mmoja, ICD-11 miezi mitatu. Sauti zikiwepo huwa chache na zinazohusu mada hiyo tu. Kwa anayeleta “wadudu” kwenye kichupa, kwanza mchunguze upele halisi, vichocheo na B12. Na imani ya wivu isichukuliwe kirahisi. Mwenzi aulizwe peke yake kuhusu usalama wake.

Saikosisi za muda mfupi hukusanywa pamoja na DSM-5 kwa urefu: siku moja hadi chini ya mwezi. ICD-11 hutazama zaidi umbo lake: inafika kileleni ndani ya wiki mbili, dalili hubadilika siku hadi siku au hata saa hadi saa, hakuna dalili hasi, na haipiti miezi mitatu. Mwanzo wa haraka, kuduwaa katikati ya ugonjwa, na maisha mazuri ya kabla ni ishara njema.

Mama aliyejifungua ni jambo la peke yake. Saikosisi ya baada ya kujifungua hupata takriban mama mmoja hadi wawili kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Moyo hupanda na kushuka, na kuchanganyikiwa kwake kunafanana na kuweweseka. Ina undugu wa karibu na bipola, kwa hiyo uliza kuhusu mania kwake na kwa ndugu zake wa damu. Ni dharura ya siku hiyo hiyo, na maambukizi ya kizazi yaondolewe kwanza.

Kuandika bila kujifunga

Tiba haingoji jina kamili. Damu na mkojo vichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, mgonjwa atulizwe, na kwenye faili iandikwe “saikosisi ya mara ya kwanza, haijaainishwa,” pamoja na uwezekano mitatu kwa mpangilio wake na kitu ambacho kingeubadilisha. Wanaoandika skizofrenia siku ya tatu kwa sababu fomu ina nafasi ya jina moja wanamtengenezea mgonjwa tatizo la miaka, kwani kila anayemwona baadaye huanzia hapo.

Mapitio yapangwe kwa tarehe zenye maana. Wiki ya pili, tazama kama moyo umetulia na sauti zimebaki. Mwezi mmoja, kama vileo vimekoma, saikosisi imekoma pia? Miezi mitatu, je, imepita mpaka wa saikosisi ya muda mfupi ya ICD-11? Miezi sita, je, masharti ya DSM-5 ya skizofrenia yametimia? Kumbuka kuwa dawa inayofanya kazi hufupisha dalili, kwa hiyo mtu aliyepona wiki ya tatu akiwa kwenye dawa hajathibitisha kwamba ugonjwa wake ulikuwa wa wiki tatu. Kila pitio lirudi kwenye karatasi ya safu nne na kuongeza wiki zilizopita. Jina likibadilika, andika tarehe, sababu na ushahidi mpya, kisha mgonjwa na anayemhudumia waelezwe kwa maneno yao kwa nini dawa inabadilika au inabaki ile ile.